Tukitaka kuitwa wananchi tuanze na kile kikombe cha jikoni

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi marahaba. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua ni ndefu lakini nimeiweka moyoni miaka mingi na mwezi uliopita ndio imenitoka.

Nilienda ofisi moja hapa mjini kushughulikia karatasi zangu, ofisi yenyewe sitaitaja jina maana hizo karatasi bado sijapewa. Nimekaa kwenye foleni toka saa moja na nusu asubuhi, nafika dirishani saa tano kasoro, kijana akachukua fomu yangu akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Akasema mama hapa mahali pa kuzaliwa umeandika Kilosa. Nikamwambia ndio, Kilosa. Akasema sawa, Kilosa umezaliwa, ila kwenu ni wapi? Nikamwambia Kilosa. Akacheka, na wala hakuwa na ubaya kijana wa watu, akasema hapana mama, namaanisha kwenu kwenu.

Mhariri mimi nina miaka sitini sasa. Hiyo kwenu kwenu nimeulizwa na madereva teksi, nimeulizwa na nesi nikiwa leba nasukuma mtoto, nimeulizwa hata na Mhindi mwenzangu nilipoenda kumsalimia binamu yangu Leicester, Uingereza, tena huyo ndio alinichosha kabisa maana alitaka nimtajie kijiji cha Gujarat, jimbo la India, ambacho mguu wangu haujawahi kukikanyaga. Nilipomwambia Kilosa akadhani ni kijiji cha Gujarat.

Jibu refu ninalo, kama kuna mwenye muda. Babu yangu alitoka Porbandar, huko huko Gujarat, akiwa kijana hana hata ndevu, akashuka hapa Dar es Salaam, akapanda treni ya reli ya kati mpaka Kilosa kwa sababu kulikuwa na jamaa yake anatafuta mtu wa kushika daftari la madeni. Akakaa pale akiuza chumvi, kanga na mafuta ya taa, akinunua pamba ya wakulima. Sisi ni Mabaniani, hatuziki, kwa hiyo alipofariki alichomwa hapo hapo Kilosa, na kwa kuwa hela ya kuyapeleka majivu mto Ganga haikuwepo baba yangu akayamwaga mto Mkondoa. Sasa niambieni jamani, mtu ambaye babu yake ameyeyuka ndani ya Mkondoa na watu wameyanywa hayo maji na kumwagilia mchicha, huyo kwao kwao ni wapi?

Lakini sijaandika kulalamika tu, wa kulalamika tupo wengi na tunalalamika vizuri sana tukiwa wenyewe kwa wenyewe kwa Kigujarati. Yule kijana wa dirishani swali hakulitunga yeye, alilikuta limeshajengwa kabla hata mama yake hajazaliwa. Ukitoka Kariakoo kwa miguu kuja mjini unakatiza Mnazi Mmoja, tunapaona kama uwanja tu wa sherehe na mapumziko, kumbe ule uwazi una kazi yake. Wakoloni waliupanga mji huu kwa kanda, Mzungu kwenye upepo wa bahari, Mhindi katikati, Mwafrika Kariakoo na kuendelea, na kati ya Mhindi na Mwafrika pakaachwa pengo ati magonjwa yasivuke. Nenda Dodoma, nenda Mbeya, Uhindini ipo mpaka leo na watu wanaitaja bila kufikiri, kama vile ni jina la mti. Shule zilikuwa za aina tatu, mishahara aina tatu, hospitali hivyo hivyo. Hata kupiga kura! Wazee mtakumbuka uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimishwa achague watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, ukiacha mmoja karatasi yako imeharibika. TANU nusura ivunjike pale Tabora kwa ajili ya hizo kura tatu kabla hawajakubali kuingia.

Sisi tuliwekwa katikati, na katikati kuna utamu wake msinidanganye. Unapigwa na wa juu, lakini una wa chini yako. Huo ndio ujanja wenyewe wa ule mpango, Mzungu hakuhitaji kumkemea Mwafrika kila siku, duka la Mhindi lilikuwepo, daftari la madeni lilikuwepo, hasira zote za mkulima aliyepunjwa bei ya pamba zilimfikia babu yangu na si Gavana. Na babu yangu naye, Mungu amrehemu, mzani wake sijui kama ulikuwa sawa kila siku.

Ulipokuja uhuru sheria ilisema aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja naye kazaliwa hapa ni raia moja kwa moja, wengine waliozaliwa hapa walipewa miaka miwili wajiandikishe. Bungeni Oktoba 1961 walikuwepo waliotaka uraia uwe wa Mwafrika tu, na Mwalimu Nyerere alisimama akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupitisha kitu kama hicho. Baba yangu alikuwa anaisimulia ile siku kama watu wanavyosimulia fainali ya mpira. Yeye alijiandikisha mapema. Kaka yake akabaki na pasi ya Mwingereza, akasema tusubiri tuone. Ndugu wawili, tumbo moja, duka moja, karatasi mbili tofauti. Halafu mwaka 1968 Waingereza nao wakapitisha sheria haraka haraka, siku tatu tu imemaliza bunge lote, kuwazuia hao hao wenye pasi zao wasiingie Uingereza kama wao, wazazi au babu zao hawakuzaliwa kule, maana Wahindi wa Kenya walikuwa wanafurika Heathrow. Kwa hiyo baba mkubwa aliyechagua pasi ya Mwingereza naye akaambiwa kwenu kwenu ni wapi, na Kiingereza chake kizuri chote kile.

Mwaka 1971 nyumba zikataifishwa, zile zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja Mhindi mahali popote, ila wenye majumba mjini walikuwa akina nani? Mwaka uliofuata Idi Amin, rais wa Uganda, akawapa Wahindi wa kwake siku 90 waondoke. Maelfu kwa maelfu ya watu wakaondoka Uganda na sanduku moja moja, wengine wamevuliwa bangili pale vizuizini njia ya Entebbe. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka redio, naikumbuka mama yangu ameshika upawa bila kukoroga na dengu inaungua. Mwalimu alimlaani Amin waziwazi, nchi hii haikufanya vile, na mimi nitaisema hiyo mpaka nife. Hata hivyo hofu haiulizi mpaka wa nchi. Toka siku ile nyumbani kwetu kukawa na sanduku la kijani juu ya kabati, limepangwa tayari, na kukawa na neno moja la Kiswahili ambalo wazazi walilitamka kila tukifungua mdomo mezani. Usijiingize.

Siasa? Usijiingize. Jirani kapigwa na mgambo? Usijiingize. Mwaka 1993 wakati wa mikutano ya yule mwanasiasa Mchungaji Mtikila na maneno ya magabacholi, ndilo tusi tuliloitwa Wahindi, magari yakarushiwa mawe, tulifunga duka siku mbili tatu na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja gazetini, si wa kujitetea wala wa kusema jamani kuna ukweli hapa tuuangalie. Kimya. Toa mchango wa mwenge, toa mchango wa maafa, piga picha na hundi, rudi nyumbani ufunge geti. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sisi tuna miaka mia na ushee hapa na jembe tunatoa hela mtu atushikie.

Sasa nifike kwenye kikombe, na hapa najua kuna shangazi zangu wawili hawataniongelesha mpaka Diwali.

Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu Kilosa kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kinaning'inia kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, rangi imebanduka kwenye mkono mpaka kutu imeingia. Kilikuwa cha yaya wetu. Hakikuoshwa na vyetu, na sahani yake nayo ya bati ilikaa peke yake chini ya sinki. Huyu huyu ndiye alikuwa anatusukumia chapati, unga anakanda kwa mkono wake, pilipili anatwanga, mboga anaonja kwenye kiganja aone chumvi, na sisi tunakula tunalamba vidole. Ila mdomo wake usiguse glasi yetu. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa nini, na hakuna sheria iliyobandikwa ukutani, ukoloni ulikuwa umeshaondoka na bendera yake lakini msumari uko pale pale. Siku moja nina miaka sita saba hivi nilitoka kucheza na kiu nikanywa kwenye kile kikombe. Mama hakunipiga. Alichukua ndimu akaikata akanisugua nayo midomo, taratibu kabisa, kama mtu anayesafisha sufuria ya shaba.

Na tulikuwa tunamwita kwa jina lake tupu, mtoto mdogo anamwita mtu mzima jina kama rika lake. Baba yake aliyekuwa anabeba magunia dukani, mzee ana mvi kichwa kizima, alikuwa anaitwa boi. Halafu kuna lile neno letu la Kigujarati linaloanza na g, Wahindi wenzangu mnalijua na mnalitumia mpaka leo kwenye simu mkidhani dereva haelewi. Maana yake mtumwa. Anaelewa, jamani. Ameendesha gari lenu miaka kumi na mbili, kwa nini asielewe.

Kwa hiyo tunaposema tunabaguliwa, na kweli kuna kubaguliwa sikatai, nyani naomba ageuke nyuma kidogo ajione.

Nirudi pale ofisini. Kijana aliniambia kwa kuwa cheti cha babu hakionekani nilete mtu mzima anayeifahamu familia toka zamani aje atoe maelezo. Nikaanza kuhesabu. Baba mkubwa amekufa Leicester, wajomba wako Toronto, wenzetu wa Kilosa wametawanyika. Katika dunia nzima aliyebaki anayemkumbuka babu yangu akiwa hai, tena anayejua alikuwa anakaa wapi na anasinzia saa ngapi, ni yule yaya. Sasa ni bibi karibu miaka themanini, anaishi kwa mjukuu wake Mbagala. Nikampigia, wala hakuuliza mara mbili, akaja na bajaji amevaa kanga mpya. Kijana akamuuliza bibi huyu mama unamfahamu? Bibi akamwangalia yule kijana kwa huruma, akasema nimfahamu? Huyu nimemfunga nepi. Akamtajia jina la babu, akamtajia duka lilikuwa linatazamana na nini, akamwambia na mafuriko ya Mkondoa yaliingia mpaka kwenye kaunta. Kijana akaandika yote.

Yaani aliyekuwa hawezi kunywa kwenye glasi yetu ndiye aliyeitwa kuja kuithibitishia serikali kwamba mimi ni wa hapa. Nilisaini pale chini ya dole gumba lake mkono unatetemeka.

Tukaja kwangu Upanga, nikachemsha chai ya tangawizi na maziwa, nikamimina kwenye vile vikombe vya udongo vya wageni. Nageuka kuchukua sukari, nageuka tena, simuoni kwenye kiti. Amechukua kikombe chake ameenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa jikoni, ameweka kanga chini. Nikamwambia bibi njoo ukae mezani. Akasema aa mwanangu, hapa kuna upepo. Upanga ghorofa ya pili ile korido haina upepo wowote, Mhariri.

Nimekuwa najiuliza tangu siku hiyo hivi sisi watoto wetu tunawafundisha nini kuhusu sisi wenyewe. Tukikaa kwenye harusi tunasifu nani kajenga kiwanda, nani kanunua ghorofa. Ni wangapi wanamjua Makhan Singh? Alikuja Kenya mtoto, akaunda chama cha wafanyakazi Nairobi, Mwafrika na Mhindi kwenye chama kimoja wakati mpango wote wa mkoloni ulikuwa wasikae chumba kimoja, Aprili 1950 akasimama ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, mwezi uliofuata wakamkamata na hakutoka kizuizini mpaka 1961. Miaka kumi na moja. Hakupewa cheo wala uwaziri. Pio Gama Pinto, Mhindi wa Nairobi mwenye asili ya Goa, naye alifungwa na Waingereza, uhuru ukaja, akaendelea kuuliza ardhi inagawiwa nani, Februari 1965 akapigwa risasi kwenye gari mbele ya nyumba yake, binti yake mdogo yumo ndani ya gari. Hapa kwetu alikuwepo Amir Jamal mzaliwa wa Mwanza aliyeshika fedha za nchi hii miaka na miaka, alikuwepo Mama Sophia Mustafa aliyeingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwa zile zile kura tatu na akazitumia kuzipinga, na kwetu Kilosa katoka Profesa Issa Shivji ambaye ametetea ardhi ya wakulima kuliko wengi tu ambao hawajawahi kuulizwa kwenu kwenu. Hawa walijiingiza. Picha zao sijaziona ukutani kwa Mhindi yeyote, nimeona za matajiri na za miungu.

Badala yake tunashangilia wa mbali. Rishi Sunak alipokuwa waziri mkuu Oktoba 2022 grupu letu la WhatsApp lililipuka, ati mama yake kazaliwa Tanganyika, mtoto wetu huyo! Haya, mtoto wetu akashika mpango ule ule alioukuta, wa kuwapakia watu waliovuka bahari kwa maboti na kuwapeleka Kigali, aliyesaini na Rwanda mwanzoni alikuwa waziri wa mambo ya ndani Priti Patel ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Mahakama yao ya juu ikasema mwaka 2023 kwamba si halali, Sunak akatunga sheria nyingine ya kuizunguka. Watoto wa watu ambao nao walivuka bahari wakapokelewa! Mimi nilipoandika hivyo kwenye grupu admini akanitumia meseji pembeni, dada tusiingize siasa. Halafu mwaka 2025 Zohran Mamdani mzaliwa wa Kampala akachaguliwa meya wa New York, grupu likalipuka tena, keki zikakatwa, na wenye nyumba za kupangisha wa mtaani kwetu ndio walikuwa wa kwanza kutuma maua, sijui kama walisoma alichowaahidi wapangaji, kwamba kodi atazizuia zisipande. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi.

Naomba nisieleweke vibaya na wasomaji wasio Wahindi. Si kila Mhindi ana kiwanda, mimi nauza vitambaa, napanga, na nikipita sokoni kuitwa tajiri na kupandishiwa bei mara mbili nimezoea. Kuna Wahindi hapa mjini wanakula kwa michango ya jumuiya na hawasemi kwa aibu. Na hilo swali la kwenu kwenu serikali ina njia nzuri tu ya kuliacha, sensa yetu yenyewe haijauliza kabila tangu 1967, sasa dirishani linaulizwa la nini. Wakenya wao Julai 2017 walitangaza Wahindi ni kabila la 44, watu wakafurahi, mimi sijui, naona kama bado mtu amekaa mahali anagawa namba. Kachumbari iliingia nchi hii kutoka kwetu, na bima, na laki, na gari, hakuna aliyeiuliza kachumbari babu yake kazaliwa wapi.

Ila kwa Wahindi wenzangu ndio nasema bila kuuma maneno. Yaya wako na dereva wako wana mkataba wa maandishi? Mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii unaupeleka au unasema nampaga hela ya sikukuu? Anakwenda choo gani? Mtoto wako anamwamkia? Lile neno la g limeisha nyumbani kwako au limehamia kwenye simu? Na siku mgambo wakimwaga nyanya za mama ntilie mbele ya duka lako utatoka au utavuta shata chini? Mimi mwenyewe nilishavuta shata, mwaka 2006, yule mama alinitazama na hakuniambia kitu, na kesho yake akaja kununua uzi kama kawaida.

Yule bibi sasa namfuata kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mara ya pili alikaa tena mlangoni. Mara ya tatu nikabeba kiti changu na mimi nikakaa pale pale koridoni, majirani wanapita wanashangaa, tukanywa chai wote wawili kwenye joto. Malimbikizo ya miaka aliyofanya kazi kwetu bila mchango wowote nimeanza kumlipa kidogo kidogo, tumeandikishana, mjukuu wake ndiye anayeshika daftari.

Mhariri nakuomba ukikosa nafasi ukate pale kwenye historia, watu watasoma kwingine. Kikombe na ndimu usivikate, hata jamaa zangu wakikupigia simu, na watakupigia.

Wako,
Mzaliwa wa Kilosa,
Upanga, Dar es Salaam